Wafilipino, watu wa visiwa elfu saba

Tazameni ramani ya dunia. Wekeni kidole juu ya Afrika, kipelekeni upande wa mashariki, vukeni Bahari ya Hindi, piteni Malesia, mpaka mfike penye visiwa vingi vilivyotawanyika baharini kama punje za mtama zilizomwagika njiani. Inchi hii yaitwa Ufilipino, na watu wake ni Wafilipino. Visiwa vyake vimehesabiwa: ni 7,641. Vingi ni vidogo sana, hakuna mtu anayekaa juu yake. Vingine ni miamba tu. Watu wengi wanakaa katika vile vikubwa. Upande wa kaskazini ni Luzon, penye mji mkuu wa Manila. Upande wa kusini ni Mindanao. Katikati ni visiwa vinavyoitwa Visayas. Watu walipohesabiwa mwaka wa 2020, walionekana kuwa milioni 109.

Sasa fikirini kidogo. Watu wa kisiwa hiki na watu wa kisiwa kile wametengwa na bahari. Lugha zao ni zaidi ya 100, na mtu wa Cebu akisema lugha ya kwao, mtu wa Manila aliyezaliwa huko hasikii neno. Walio wengi ni Wakatoliki. Katika Mindanao na visiwa vya Sulu wako Waislamu, na dini yao ilifika kule kabla ya Wazungu. Katika milima ya Luzon wako Waifugao, ambao mababu zao walikata mlima kwa mikono, ngazi juu ya ngazi, wakajenga kingo za mawe na za udongo, wakapanda mpunga mpaka karibu na mawingu. Basi, watu namna hii wanawezaje kusema: «Sisi ni taifa moja»? Wafilipino wenyewe wamejiuliza neno hili miaka mingi, na wengine wamekufa kwa ajili yake.

Kwanza tuangalie jina. Katika mwezi wa Machi mwaka wa 1521, merikebu za mfalme wa Hispania zilifika katika visiwa hivi. Mkubwa wao alikuwa Mreno, Ferdinand Magellan. Chifu wa Cebu, jina lake Humabon, alimpokea vizuri akabatizwa pamoja na watu wake, na mke wake akapewa sanamu ndogo ya Mtoto Yezu. Sanamu hiyo ingali katika Cebu hata leo, na watu wengi mno wanakuja kuiheshimu kila mwaka katika mwezi wa Januari. Lakini chifu mwingine, Lapu-Lapu wa kisiwa cha Mactan, alikataa kumtii mfalme asiyemjua. Tarehe 27 Aprili 1521 walipigana ufukweni, na Magellan akauawa pale majini. Hivi Wafilipino wanaheshimu mambo mawili ya mwaka mmoja: ubatizo wa Cebu na vita ya Mactan. Mgeni anaweza kushangaa. Wao hawaoni shida.

Wahispania walirudi mwaka wa 1565, wakakaa mpaka mwaka wa 1898. Hesabuni: ni miaka 333. Visiwa walivipa jina la mfalme wao Filipo wa Pili. Lakini wenyeji hawakuitwa Wafilipino! Jina lile lilikuwa la Wahispania waliozaliwa visiwani. Wenyeji waliitwa «indio», na neno hili lilisemwa mara nyingi kwa dharau. Watu walikuwa na makabila yao, Watagalog, Wacebuano, Wailokano na wengine, lakini jina moja la kuwakusanya wote hawakuwa nalo. Mtoto asiye na jina, utamwitaje aje?

Jambo moja lilikuwa jema. Mapadri walijifunza lugha za watu. Kitabu cha katekisimu kilichopigwa chapa Manila mwaka wa 1593 kiliandikwa kwa Kihispania na kwa Kitagalog. Kwa sababu hii lugha za wenyeji hazikufa, na hata Wahispania walipoondoka, ni watu wachache tu waliojua Kihispania.

Miaka ikapita. Wenyeji wengine walisoma, wakawa mapadri. Lakini parokia nyingi zilibaki mikononi mwa watawa kutoka Hispania. Padri José Burgos alidai haki kwa ajili ya mapadri waliozaliwa visiwani. Mwezi wa Januari 1872 askari wa Cavite waliasi. Serikali ikamkamata Padri Burgos pamoja na Padri Mariano Gomez na Padri Jacinto Zamora, ikisema ndio waliowachochea. Askofu mkuu wa Manila alikataa kuwavua upadri, maana hakuona kosa lililothibitishwa. Haikusaidia. Tarehe 17 Februari 1872 wote watatu walinyongwa mbele ya watu. Padri Gomez alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70.

Katika mji wa Calamba kulikuwa na mtoto wa miaka kumi, José Rizal. Mkubwa wake Paciano alikuwa mwanafunzi wa Padri Burgos. Mambo ya Manila yakaingia nyumbani mwao, na mtoto hakuyasahau. Mama yake ndiye aliyemfundisha kusoma. José alipokua alikwenda Ulaya, akajifunza uganga wa macho, hasa kwa sababu macho ya mama yake yalikuwa yakififia. Baadaye alimpasua yeye mwenyewe, na mama akaona tena.

Lakini Rizal aliona pia ugonjwa mwingine, ule wa inchi yake. Aliandika hadithi mbili ndefu kwa Kihispania. Ya kwanza, Noli Me Tangere, ilipigwa chapa Berlin mwaka wa 1887. Ya pili, El Filibusterismo, ilipigwa chapa Gent katika Ubelgiji mwaka wa 1891, na mbele yake Rizal aliandika kwamba anaitoa kwa kumbukumbu ya wale mapadri watatu. Ndani ya vitabu hivi alionyesha udhalimu wa wakubwa, na makosa ya watawa wengine wa Kihispania, na pia uvivu, woga na majivuno ya wenyeji wenyewe. Hakumpendelea mtu. Pengine kwa sababu hiyo vitabu vyake vinasomwa mpaka leo. Tangu mwaka wa 1956 sheria inaamuru visomwe katika shule za Ufilipino.

Serikali ilimhamisha mpaka Dapitan, mahali pa mbali katika Mindanao, toka 1892 mpaka 1896. Mtu mwingine angekaa na kulia. Rizal alifungua shule ya wavulana, akaponya wagonjwa, akaongoza maji mpaka mjini. Lakini vita ya kudai uhuru ilipoanza, yeye alishtakiwa ingawa si yeye aliyeianzisha. Alihukumiwa kufa. Siku ya mwisho alificha shairi lake ndani ya jiko dogo la spiriti, akampa ndugu yake wa kike Trinidad, akamwambia kwa Kiingereza kwamba kuna kitu ndani, kusudi walinzi wasisikie. Asubuhi ya tarehe 30 Desemba 1896 walimpiga risasi. Alikuwa na miaka 35.

Rizal na wenzake ndio waliolichukua jina la «Filipino» wakalivika watu wote wa visiwani, wakubwa kwa wadogo. Jina lililokuwa la wachache likawa la taifa.

Vita yenyewe iliongozwa na chama cha siri, Katipunan, alichokianzisha Andrés Bonifacio, mfanyakazi wa ghala. Tarehe 12 Juni 1898 katika mji wa Kawit, Emilio Aguinaldo alitangaza uhuru. Furaha haikukaa. Mwaka ule ule Hispania, iliyoshindwa vitani na Marekani, ilitoa visiwa vyote kwa Marekani, ikapokea dola milioni 20. Wenyeji hawakuulizwa. Wakapigana na mabwana wapya toka 1899, watu wengi sana wakafa, wakashindwa. Wamarekani walileta shule nyingi na lugha ya Kiingereza. Mwaka wa 1901 merikebu moja, Thomas, ilileta walimu kama 500 kwa safari moja. Halafu Wajapani wakaja, toka 1942 mpaka 1945, na mji wa Manila ukabomolewa karibu wote katika mapigano. Mwisho, tarehe 4 Julai 1946, uhuru ulipatikana. Lakini tangu mwaka wa 1962 Wafilipino wanasherehekea tarehe 12 Juni. Wanasema uhuru wao hawakupewa na mtu. Walijitangazia wenyewe mwaka wa 1898.

Bendera yao ina jua lenye miali minane, ukumbusho wa majimbo manane yaliyoanza vita ya uhuru, na nyota tatu, kwa ajili ya Luzon, Visayas na Mindanao. Ina mstari wa buluu na mstari wa nyekundu. Wakati wa amani buluu iko juu. Wakati wa vita wanaigeuza, nyekundu inakuja juu. Inchi yenyewe, kisha kuwa huru, ilituma watu wake kusaidia mahali pengine: katika mwaka wa 1963 marubani Wafilipino walikaa hapa Kongo, katika kituo cha Kamina, chini ya Umoja wa Mataifa.

Hayo ni ya wakubwa na ya vita. Lakini taifa halikai katika bendera tu. Tuingie nyumbani.

Mtoto wa Kifilipino akikutana na babu yake, anasema «Mano po». Anashika mkono wa kuume wa mzee, anainama, anagusa paji la uso wake kwa mgongo wa mkono ule. Mzee anamjibu kwa kumwombea rehema ya Mungu. Neno dogo «po» linatiwa ndani ya kila sentensi mtu anaposema na mkubwa wake. Mtoto akiliacha, watu wanamtazama mama yake, si yeye. Kaka mkubwa anaitwa «kuya», dada mkubwa «ate», na hata muuza samaki sokoni, asiyekuwa ndugu, ataitwa hivyo hivyo. Tusi kali katika lugha ile ni kumwambia mtu kwamba hana haya.

Nyumba ya kienyeji ya mashambani ni ya mianzi, na paa lake ni la majani ya mnipa, aina ya mti kama mnazi unaomea penye maji ya chumvi. Imesimama juu ya nguzo. Upepo unapita chini, na maji ya mafuriko yakija hayaingii upesi. Zamani, mtu akitaka kuhama, hakuibomoa nyumba. Aliwaita jirani. Walitoa vyombo vyote, wakafunga miti mirefu ya mianzi chini ya sakafu, mingine kwa urefu, mingine kwa mapana. Wanaume ishirini au zaidi waliinama, wakaweka mabega chini ya miti. Mmoja alitoa sauti, wote wakasimama pamoja, na nyumba ikaondoka pale chini kama kitu chenye miguu! Walipita mashambani nayo, watoto na mbwa wakifuata nyuma. Kama mmoja angelegea, mzigo wake ungewaangukia wenzake. Kwa hiyo walikwenda kwa hatua moja. Walipofika, mwenye nyumba hakulipa fedha. Aliwapikia chakula.

Desturi hii inaitwa «bayanihan». Wengine wanasema neno limetoka katika «bayani», maana yake shujaa. Wengine wanasema limetoka katika «bayan». Na «bayan» ni neno la kuangalia sana, kwa maana ni mji wa mtu alikozaliwa, na pia ni taifa zima. Katika lugha yao mji mdogo na inchi kubwa vinaitwa kwa neno moja.

Siku hizi nyumba nyingi ni za simenti, hazichukuliki mabegani. Lakini desturi haikuisha, imebadili kazi. Inchi ile inapigwa na tufani nyingi kila mwaka. Mwezi wa Novemba 2013 tufani moja, waliyoiita Yolanda, iliua watu zaidi ya 6,000 katika Visayas. Waliobaki walijenga tena wakisaidiana. Mwaka wa 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, mtu mmoja katika mji wa Quezon aliweka kigari cha mianzi kando ya barabara, akatia ndani mchele, mboga na makopo, akaandika kwamba kila mtu atoe anavyoweza na achukue anavyohitaji. Kisha majuma machache vigari namna hii vilikuwa mamia katika visiwa vyote.

Na iko bayanihan moja iliyojulikana dunia nzima. Rais Ferdinand Marcos alikuwa ametawala kwa nguvu za askari tangu mwaka wa 1972. Mwaka wa 1983 mpinzani wake, Benigno Aquino, aliporudi toka ugenini alipigwa risasi palepale kwenye uwanja wa ndege. Mwezi wa Februari 1986, kisha uchaguzi wenye udanganyifu, askari wengine walimwasi Marcos. Kardinali Jaime Sin akawaita watu kwa radio ya Kanisa, Radio Veritas, waje kuwakinga. Wakaja kwa maelfu na maelfu katika barabara kubwa ya EDSA. Masista walipiga magoti mbele ya magari ya vita, rozari mikononi. Wengine waliwapa askari mikate na maua. Siku nne, toka tarehe 22 mpaka 25, na askari hawakuwapiga. Marcos akakimbia, na Corazon Aquino, mjane wa yule aliyeuawa, akawa rais. Lakini watu hawakumbuki wote namna moja: mwaka wa 2022 mwana wa Marcos alichaguliwa kuwa rais kwa kura nyingi.

Desturi nyingine ni ngumu zaidi kuieleza. Inaitwa «utang na loob», yaani deni la ndani, deni la moyo. Mtu aliyekulipia shule, aliyekupokea wakati wa njaa, huwezi kumrudishia kwa fedha ukasema tumemaliza. Utamkumbuka siku zote. Ni neno zuri. Lakini lina upande wa pili, na Wafilipino wenyewe wanausema. Mtu wa siasa analipa sanduku la maiti au dawa za mgonjwa. Siku ya uchaguzi jamaa nzima wanaona haya kumnyima kura, hata kama ni mwizi. Deni la moyo likiwekwa mikononi mwa mjanja, linakuwa kamba.

Deni hili ndilo linalowapeleka wengi mbali. Wafilipino zaidi ya milioni mbili wanafanya kazi inchi za nje: Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Hong Kong, Italia na kwingine. Wengine ni waganga na wauguzi, wengine wajenzi, wengine watumishi wa nyumbani, na wengi sana ni mabaharia. Kila mwezi wanatuma fedha nyumbani, kwa ajili ya shule ya wadogo zao, dawa za wazee, mabati. Kila mara wanatuma pia sanduku kubwa la karatasi ngumu, limejaa sabuni, viatu, nyama za makopo, nguo. Linasafiri baharini kwa majuma mengi. Serikali inawaita watu hawa mashujaa wapya. Heshima ni nzuri, lakini haimlazi mtoto usingizi. Wako watoto wengi wanaolelewa na bibi, wanaomjua mama kwa sauti na kwa picha ya simu tu. Mama anamlea mtoto wa watu wengine ili wa kwake asome. Kama faida inazidi hasara, au hasara inazidi faida, kila nyumba ina jibu lake.

Wakati wa Noeli ndipo wanapotaka sana kurudi. Huko Noeli huanza mapema mno. Nyimbo zake zinasikiwa madukani toka Septemba. Toka tarehe 16 mpaka 24 Desemba watu wanaamka kungali giza, siku tisa mfululizo, waende Misa ya alfajiri. Zamani ilikuwa kusudi wakulima wasikie Misa kabla ya kwenda shamba. Madirishani wanatundika taa zenye umbo la nyota, za mianzi na karatasi ya rangi. Misa ikiisha, mlangoni pa kanisa wanauza «bibingka», mkate wa unga wa mchele uliookwa juu ya jani la mgomba, na makaa ya moto chini yake na juu yake. Watoto wengine, yafaa kusema kweli, wanaamka kwa ajili ya bibingka.

Limebaki neno la lugha, na hili halijakwisha. Mwaka wa 1937 Rais Manuel Quezon alitangaza kwamba lugha ya taifa itajengwa juu ya Kitagalog, lugha ya Manila na majimbo ya kando yake. Wacebuano hawakufurahi, nao ni wengi, kwa nini lugha yao iachwe? Katiba ya mwaka wa 1987 inaiita lugha ya taifa Kifilipino, na inasema ikuzwe kwa maneno ya lugha nyingine za visiwa. Kiingereza nacho kilibaki, katika serikali, mahakama na shule. Mwaka wa 2013 sheria iliamuru watoto wadogo wafundishwe kwanza kwa lugha ya mama zao, mpaka mwaka wa tatu wa shule. Walimu wengine walishangilia, maana mtoto alifahamu upesi. Wengine walilalamika kwamba vitabu havikutosha, na kwamba katika darasa moja la mjini watoto wanatoka na lugha tano. Mwaka wa 2024 sheria mpya iliondoa amri ile. Basi leo mtoto wa Cebu anasema Kicebuano na bibi yake, anasikiliza Kifilipino katika televisheni, na mwalimu anapoandika hesabu ubaoni, anaieleza kwa Kiingereza.